Mkono Ndani ya Pembe

Kabla ya nota ya kwanza, mpigaji huipulizia pembe yake hewa tupu, bila sauti, mpaka shaba ipate joto. Shaba ikiwa baridi sauti hushuka, na piano haina namna ya kushuka nayo: imeshatuniwa, imekaa pale ilipo. Mtu wa Mpui hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Asubuhi ya Juni au Julai, baada ya usiku wa upepo kwenye uwanda wa Ufipa, chuma chochote kilicholala kanisani hakishikiki. Kwa hiyo mpigaji hupuliza, hutulia, hupuliza tena. Kipulizio, kile kifaneli kidogo cha kuwekea midomo, hukichomoa na kukifumbata kiganjani hadi kisahau baridi, ndipo anapokirudisha mahali pake kwa kukizungusha kidogo, bila kukigonga.

Kipande kilicho mbele yake hakizidi sana dakika sita. Ni Villanelle ya Mfaransa Paul Dukas, ya mwaka 1906, kwa ajili ya pembe na piano. Kiliandikwa kiwe mtihani. Katika Konsevatori ya Paris wanafunzi wa darasa moja walipewa kipande kimoja, wakakipiga kwa zamu mbele ya majaji, na majaji wakakisikiliza tena na tena mchana kutwa. Mwalimu wa pembe wakati huo alikuwa François Brémond, na ndiye aliyetunukiwa kazi hii. Mitihani mingi ya muziki huzikwa siku matokeo yanapotangazwa. Huu umepita miaka mia moja, na bado ni vigumu kumpata mpiga pembe aliyesoma shule ambaye hajawahi kuutolea jasho.

Dukas hakuwa mtu wa kuachia kazi ovyo. Alizaliwa 1865, akafa 1935, na katika maisha hayo marefu alikubali kuchapisha vipande vichache tu. Vingi alivyoviandika aliviharibu kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu havikumridhisha. Wengi wanamjua kwa kile kisa cha mwanagenzi wa mchawi aliyeamrisha ufagio uchote maji halafu akashindwa kuusimamisha, kazi yake ya okestra ya 1897. Mimi namheshimu zaidi kwa hizi dakika sita. Fundi anayechoma kazi zake akibakiza wimbo mdogo wa mtihani, huo wimbo una haki ya kutazamwa polepole.

Tuanze na chombo. Pembe hii ya okestra ni bomba moja la shaba lililokunjwa duara juu ya duara. Ile ya sauti ya F ukiinyoosha inapata karibu mita 3.7. Linaanza jembamba pale kwenye kipulizio, linapanuka taratibu, mpaka mwisho wake linafunguka ghafla kuwa kinywa chenye upana wa kama sentimita 30. Halina tundu lolote la kufunika kwa vidole, tofauti na filimbi. Mpigaji huligusisha midomo, sehemu kubwa ya kipulizio ikikaa juu ya mdomo wa juu na sehemu ndogo kwenye mdomo wa chini, kisha midomo yenyewe ndiyo inayotetema. Ile la ambayo watu wa okestra hutunia vyombo vyao ina mitetemo 440 kwa sekunde moja. Pembe ikitoa la hiyo, midomo ya mtu, nyama na damu, imefunguka na kufumba mara 440 katika muda wa kusema "haya".

Bomba lisilo na tundu halitoi sauti yoyote unayoitaka. Lina sauti zake, na nyingine halina. Wanakwaya wanaosoma nota kwa solfa watalifahamu upesi. Chini kabisa kuna do. Inayofuata ni do ya juu yake, kisha so, kisha do, mi, so. Hapo kati kumeachwa mapengo makubwa, huwezi kuimba hata mstari mmoja wa tenzi. Baada ya so inakuja sauti iliyo chini kidogo ya ta, chini kiasi cha kumkunjisha uso mwalimu wa kwaya. Halafu do, re, mi, na kitu kilichokwama kati ya fa na fi, kisha so. Kadiri unavyopanda, sauti zinakaribiana mpaka zinabanana, na hapo ndipo hatari ilipo. Midomo ikikaza au kulegea chembe tu, pembe hurukia sauti ya jirani, na ukumbi mzima unasikia. Mpiga piano akikosea nota moja katikati ya nyingi, anaweza kuifunika. Mpiga pembe hana pa kujificha.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuanza jana kujua pembe. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ni kazi za mafundi ambao hakuna wa kuwafundisha subira. Ila siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na kazi yake ni kutangaza: harusi ya watu wa heshima, cheo, siku kubwa. Nota chache zinamtosha mwenye kutangaza. Mwenye kutaka kuimba ana shida nyingine kabisa, na shida hiyo ilitatuliwa kwa mkono.

Wapiga pembe wa Ulaya waligundua kwamba ukiingiza mkono wa kulia ndani ya kinywa cha pembe na kukizibaziba, sauti inateremka. Anayetajwa kwa kuupanga utaratibu huo ni Anton Hampel wa Dresden, katikati ya karne ya 18. Tangu hapo mapengo yakaanza kujazwa. Do inapigwa mkono ukiwa wazi. Re haipo katika bomba pale katikati, kwa hiyo unachukua mi na kuizibia mpaka ishuke. Mi iko wazi. Fa unaiiba kwa so: unapuliza so, mkono unafunga, so inateremka hadi fa. So iko wazi. La inatoka kwa ile ta iliyolegea, ikizibwa. Ti inatoka kwa do ya juu. Kwa hiyo mtu anayepiga do hadi do kwa namna hii, mkono wake unafunguka, unafunga, unafunguka, unafunga, unafunguka, unafunga, unafunga, unafunguka. Na wewe uliyekaa kwenye kiti cha mbele huoni hata kimoja. Unaona mtu ametulia, kiwiko kimeinama, na shati la mkono wa kulia linacheza kidogo karibu na kifundo.

Kufunga huko nako kuna gharama. Nota iliyo wazi hutoka na mwanga. Iliyozibwa hutoka puani, kama ya mtu anayeongea amejifunika shuka. Mpigaji asipokuwa mwangalifu, wimbo unageuka kuwa mabaka: neno moja linasikika, la pili limemezwa. Dawa yake ni kuzipunguza nguvu zile zilizo wazi na kuzisukuma zaidi zile zilizozibwa, kwa vipimo tofauti kwa kila nota, kwa sababu fa inataka kuzibwa zaidi kuliko ti, na re ina ukaidi wake. Haya yote yanafanyika ndani ya wimbo wa polepole usio na mahali pa kuchezea. Ndiyo maana nasema wimbo mwepesi ndio mtihani mzito.

Dukas alilijua hilo, na ndipo alipoweka mtego wake. Kwa maandishi ya nota anaagiza kwamba sehemu ya mwanzo ipigwe bila valvu. Mwaka 1906 valvu hazikuwa kitu kigeni. Wajerumani Stölzel na Blühmel walishazisajili mwaka 1818: ukibonyeza moja, hewa inapitishwa kwenye kipande cha bomba la ziada, pembe inarefuka, sauti zote zinashuka kwa hatua kamili, au nusu hatua, au hatua moja na nusu. Mapengo yote yakazibika kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Lakini Paris ilikuwa na ukaidi wake. Konsevatori ilikuwa na darasa la pembe ya valvu chini ya Meifred kuanzia 1833 hadi 1864, ikalifuta, ikarudi kwenye pembe ya mkono, na ikakaa nayo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wenzao kwingineko walishahama zamani. Brémond ndiye aliyezirudisha valvu darasani. Kwa hiyo wanafunzi waliosimama mbele ya majaji mwaka ule walikuwa na ufundi wa aina mbili katika chombo kimoja, wa mkono na wa valvu, na Dukas akaandika kipande kinachouliza wa kwanza kabla ya kuruhusu wa pili.

Tazama sasa anavyoanza. Piano inamtangulia kidogo tu. Mpigaji amesimama kwenye ule mkunjo wa ubavu wa piano, kinywa cha pembe kikitazama nyuma na chini, kwa sababu pembe hii daima huimbia ukuta ulio nyuma ya mpigaji. Sauti inawafikia watu baada ya kugonga kitu kwanza. Anavuta pumzi kwa mdomo, pembeni mwa kipulizio, bila kuinua mabega. Mabega yakipanda pumzi imeishia kifuani, na pumzi ya kifuani haifiki mwisho wa mstari. Anaishusha hadi tumboni, mbavu za chini zikifunguka kwa pande. Ulimi unagusa nyuma ya meno kwa wepesi, nota inazaliwa bila kishindo.

Ufipa ilikuwa na mafundi wake wa pumzi. Ilungu, lile tanuri la udongo la kuyeyushia chuma ambalo mabaki yake bado yamesimama huku na huku uwandani, lilijengwa refu kuliko kimo cha mtu ili livute hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Hakuna aliyelivukuta. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuri dogo la kusafishia chuma kilichopatikana. Fundi alipaswa kujua ni lini hewa iachwe ipite yenyewe na ni lini isukumwe. Mpiga pembe anajifunza jambo lile lile kwenye tumbo lake: mwanzo wa mstari, mapafu yakiwa yamejaa, hewa inataka kutoka yenyewe na kazi yake ni kuizuia, nusu ya mwisho, mapafu yanapoelekea kukauka, lazima aisukume, na msikilizaji asijue ni wapi kazi ya kwanza ilikoma na ya pili ikaanza.

Na kinanda? Sisi tunaopiga kinanda kanisani tuna tabia ya kudhani kwamba kusindikiza ni kumfuata mwimbaji na kutomzidi kelele. Ni zaidi ya hapo. Nyundo ya piano, iliyovalishwa sufu iliyoshindiliwa, hugonga waya na kurudi. Kuanzia hapo sauti inakufa. Lolote utakalofanya baadaye, kukandamiza, kutikisa kidole, kufumba macho kwa hisia, waya hausikii. Pembe ni kinyume chake: nota inaweza kuzaliwa ndogo na kukua, ikajaa, ikapungua, na yote hayo ni nota moja. Mtunzi anayewaweka wawili hawa pamoja asipotafakari, pembe itasimama juu ya nota ndefu na piano chini yake itakuwa imeshanyamaza. Mtunzi anayejua kazi huipa piano mwendo: vidole vinapita chini ya nota ndefu, vinaigusa, vinaipa kitu cha kuegemea, na ukimya wa waya unajazwa kabla haujasikika.

Halafu kuna pedali. Mguu wa kulia ukikandamiza, vizuizi vyote vinanyanyuka na nyuzi zaidi ya 200 zinabaki huru. Kinywa cha pembe kikiwa kimeelekea kwenye kifuniko kilicho wazi, nyuzi zile hupokea sauti ya pembe na kutetema zenyewe bila kuguswa na nyundo. Mpiga piano mzembe atauacha mguu pale na wimbo utajaa ukungu. Mwenye kazi yake huinua ncha ya mguu nusu tu, vizuizi vikazigusa nyuzi bila kuzikaba, ukungu unakatwa na mwangwi kidogo unabaki. Kipimo cha mguu huo hakiandikwi popote katika nota. Kinategemea ukumbi, unyevu wa hewa, na siku ile pembe imeamkaje.

Pia mpiga piano ndiye anayelinda pumzi za mwenzake. Kabla ya kila mstari kuna nafasi ndogo, ndogo kuliko pumziko lolote linaloandikwa, ambamo mpiga pembe anajaza mapafu. Mpiga piano anaisikia ile pumzi ikiingia, na kwa namna inavyoingia anajua mstari utakuwa mrefu kiasi gani na nota ya kwanza itatua lini. Asipoisikia atatangulia, na hakuna kitu kibaya kama nota mbili zilizokusudiwa kuwa moja zikaingia mlangoni kwa kupishana. Gerald Moore, Mwingereza aliyetumia maisha yake yote kusindikiza wengine, alikipa kitabu chake cha kumbukumbu jina la swali: je, napiga kwa kelele mno? Ni swali la mtu aliyefanya kazi hiyo akijua inavyofanywa.

Mara wimbo unapoachiliwa kutoka katika sehemu ya polepole, mkono wa kushoto unaamka. Sasa valvu zimeruhusiwa, mwendo ni wa furaha, wa watu wa mashambani wakicheza, na vidole vitatu vinakimbia. Kwa macho hapa ndipo panapovutia. Mimi sehemu hii naipita haraka, kwa kuwa vidole vya kukimbia vinapatikana kwa mazoezi ya kawaida, na wasikilizaji wanavishangilia bila kuombwa.

Panaponirudisha ni kule Dukas anapotaka mwangwi. Mkono wa kulia sasa hauzibi nusu. Unaingia kabisa, kiganja kinaufunga mlango wote wa kinywa, kwa nguvu, hewa isivuje. Sauti inakuwa nyembamba, ya mbali, kana kwamba mwingine anajibu kutoka ng'ambo ya bonde. Hapa chombo kinageuza sheria yake. Mkono ukiziba kiasi, sauti hushuka. Mkono ukiziba kabisa, mpigaji anajikuta nusu hatua juu. Kwa hiyo anabonyeza valvu za nota iliyo nusu hatua chini ya ile iliyoandikwa, na mdomo nao unalenga pengine. Macho yanasoma jambo moja, vidole vinafanya la pili, masikio yanadai la tatu, na wimbo hauna ruhusa ya kusitasita. Baadaye kidogo anatakiwa aweke kizibo badala ya mkono, kile kidude cha umbo la pia kinachochomekwa kinywani mwa pembe. Kinawekwa na kutolewa katika mapumziko ya kuhesabika, kimya, bila kugonga shaba. Nimewaona wanaokifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono ili kisianguke. Ni jambo dogo la mtu mzima anayejua kwamba kizibo kikidondoka sakafuni ndicho watu watakachokumbuka.

Wakati wote huu maji yanajikusanya ndani. Si mate peke yake; ni mvuke wa pumzi unaokutana na shaba na kugeuka matone. Yakizidi, nota inaanza kutetereka na kutoa mlio wa maji yanayochemka. Kwa sababu bomba limezungushwa sana, maji hayatoki kwa kuinamisha mara moja. Mpigaji anatumia mapumziko yake kuchomoa kijibomba kimoja, kukikung'uta, kukirudisha, kisha anaigeuza pembe nzima kama usukani, polepole, maji yafuate duara hadi yapate pa kutokea. Piano inaendelea kuimba, watu wanamtazama mpiga piano, na mwenzake anafanya usafi.

Dennis Brain, Mwingereza aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1957 akiwa na miaka 36, aliirekodi Villanelle pamoja na huyo huyo Gerald Moore. Wapiga pembe wengi waliokuja baadaye wamejifunza kwa kumsikiliza. Lakini wapigaji wa siku hizi wengi hutumia valvu hata mwanzoni, pale Dukas alipoagiza wasitumie. Sababu zao nazijua: kumbi ni kubwa, chombo cha sasa ni kipana na kizito kuliko kile cha Paris ya 1906, na msikilizaji hakuja kufanya ukaguzi. Siwalaumu, ila nadhani wanapoteza. Ukitaka kumjua aliyetii, usisikilize nota za juu wala za haraka. Tegea sikio pale wimbo unapopita juu ya fa au ti. Kwa mwenye valvu zitatoka sawasawa na jirani zake, kivuli hakuna. Kwa aliyetumia mkono, nota hiyo itakuwa imefifia kidogo, na nota ya wazi inayoifuata itakuwa imepigwa kwa upole usiokuwa na haja, ili ya kwanza isionekane maskini.